Bibi Florence Nightingale na Mchoro wa Rangi Tatu

Kila mwaka, tarehe 12 Mei, wauguzi wa nchi nyingi duniani huadhimisha siku yao, na wauguzi wa Unguja na Pemba huwamo. Siku hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo aliyozaliwa Bibi Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyeishi tangu mwaka 1820 hadi mwaka 1910. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake. Pengine mmeiona pia picha yake ameshika taa usiku, akipita baina ya vitanda vya askari majeruhi. Picha hiyo yasema kweli, lakini haisemi hata nusu ya kazi yake. Bibi huyu alikuwa vilevile mtu wa hesabu na michoro, na huenda michoro yake iliokoa watu wengi zaidi kuliko taa yake. Katika somo hili tutamtazama kwa upande huo.

Utoto wake

Wazazi wake walikuwa matajiri wa Uingereza waliokuwa safarini Italia. Mtoto alizaliwa katika mji wa Florence, nao wakampa jina la mji huo. Baada ya kurejea kwao, baba yake aliwafundisha nyumbani yeye na dada yake lugha za kigeni na historia. Florence alipenda zaidi hisabati. Mama yake hakufurahi, kwani zama zile binti wa tajiri alitazamiwa kupamba sebule, kupokea wageni na kungoja mchumba. Uuguzi nao ulihesabiwa kuwa kazi duni, kazi ya watu wasiokuwa na pa kwenda.

Alibishana na wazazi wake kwa miaka mingi. Hatimaye mwaka 1851, alipokuwa na umri wa miaka 31, alikwenda Kaiserswerth katika Ujerumani kujifunza uuguzi, na mwaka 1853 alipewa usimamizi wa hospitali ndogo mjini London. Huko kote hakuacha tabia yake ya kuandika hesabu: wangapi wameingia, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, na kwa sababu gani.

Vita na hospitali

Mwezi wa Machi, mwaka 1854, Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani kuisaidia Uturuki dhidi ya Urusi. Mapigano makubwa yalikuwa katika rasi ya Crimea, kando ya Bahari Nyeusi. Askari wa Kiingereza waliojeruhiwa au kuugua walipakiwa melini na kuvushwa bahari hadi Scutari, ng'ambo ya mji ambao sasa waitwa Istanbul. Waziri mmoja wa serikali ya Uingereza, Sidney Herbert, alimwomba Bibi Nightingale aende huko na wauguzi wanawake. Alifika Scutari tarehe 4 Novemba 1854 pamoja na wauguzi 38.

Waliyoyakuta ni vigumu kuyasimulia. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kubwa ya askari iliyogeuzwa kuwa mahali pa wagonjwa. Chini yake mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Wagonjwa walilala sakafuni, karibu karibu, madirisha yamefungwa, na chawa na panya wamejaa. Maji ya kunywa hayakuwa safi. Bibi Nightingale alinunua mashuka, sabuni na vyombo, akasimamisha jiko na dobi, akapanga zamu za usiku.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Vifo havikupungua baada ya yeye kufika. Viliongezeka. Mwezi wa Novemba 1854 askari 844 wa jeshi lile walikufa kwa maradhi kama kipindupindu, kuhara na homa. Desemba walikufa 1,725. Januari 1855 walikufa 2,761. Katika mwezi huo huo wa Januari, waliokufa kwa majeraha ya risasi, mizinga na mapanga walikuwa 83 tu.

Zisomeni tena hesabu hizo mbili: 2,761 na 83. Jeshi zima lilikuwa na askari 32,393. Zidisha 2,761 kwa miezi 12, utapata 33,132. Yaani lau vifo vya Januari vingaliendelea kwa kasi ileile mwaka mzima, maradhi peke yake yangalilimaliza jeshi lote, na adui asingalikuwa na haja ya kupiga hata risasi moja.

Mwezi wa Machi 1855 serikali ya Uingereza ilituma tume ya wataalamu wa usafi. Hawa walizibua mifereji, wakaondoa mizoga iliyokuwa karibu na njia za maji, wakafungua madirisha ili hewa ipite, na kuta wakazipaka chokaa, kama sisi tupakavyo nyumba zetu za Mji Mkongwe. Aprili waliokufa kwa maradhi walikuwa 477. Kufika Januari 1856 walikuwa 42.

Hesabu zisizosomwa

Vita vilikwisha mwaka 1856, naye akarejea kwao akiwa mgonjwa. Watu walimsifu sana. Yeye hakuzijali sifa hizo, kwa kuwa kulikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Wakubwa wengi wa jeshi na baadhi ya madaktari wake walisema kwamba vifo vile vilikuwa jambo la kawaida la vita, na kwamba hakuna ambalo lingaliweza kufanywa. Ikiwa maneno yao yangalikubaliwa, basi kambi na hospitali za askari zingaliachwa vilevile, na katika vita vifuatavyo vijana wangalikufa tena kwa uchafu.

Bibi Nightingale alikaa London na bwana mmoja aliyekuwa bingwa wa takwimu, Dakta William Farr. Takwimu ni elimu ya kukusanya hesabu nyingi, kuzipanga na kutafuta maana yake. Wawili hao walizipitia daftari za jeshi mwezi baada ya mwezi. Kwa kuwa idadi ya askari ilibadilika, mara 23,333 na mara 47,751, hawakulinganisha vifo vitupu. Walihesabu waliokufa katika kila askari 1,000. Hiyo ndiyo njia ya haki. Vifo kumi katika kijiji kidogo cha Unguja si sawa na vifo kumi katika mji mzima wa Dar es Salaam.

Hesabu zikawa tayari, kurasa kwa kurasa za majedwali. Hapo ndipo alipotambua shida nyingine. Waziri hasomi majedwali. Malkia hasomi majedwali. Hata mwanafunzi hodari, akiwekewa mbele yake safu ishirini za tarakimu, macho humlegea, na mwalimu yeyote ajua hayo. Ukweli ulikuwemo katika karatasi zile, lakini ulikuwa umelala. Bibi Nightingale akaamua kuuamsha kwa rangi, mistari na herufi.

Michoro ya hesabu haikuanza kwake. Mskoti mmoja, William Playfair, alikwisha kutoa kitabu cha michoro ya biashara mwaka 1786. Hata hivyo ni wachache waliokuwa wamejaribu kutumia mchoro ili kuilazimisha serikali ibadili mambo.

Mchoro wenyewe

Mchoro wake mashuhuri ulipigwa chapa mwaka 1858. Mwalimu atauchora ubaoni kwa chaki za rangi. Ninyi mufuateni katika madaftari yenu.

Fikirini mkate wa kumimina uliokatwa vipande kumi na viwili, vyote vikianzia katikati. Kila kipande ni mwezi mmoja. Lakini vipande havikulingana kwa urefu: mwezi wenye vifo vingi kipande chake chatokeza mbali, na mwezi wenye vifo vichache kipande chake ni kifupi. Kuna mikate miwili ya namna hiyo. Ule mkubwa, upande wa kulia, ni wa Aprili 1854 hadi Machi 1855. Ule mdogo, upande wa kushoto, ni wa mwaka uliofuata, usafi ulipokwisha kufanywa. Mtu asiyejua kusoma hata neno moja angaliona mara moja kwamba jambo kubwa limetokea baina ya miaka miwili hiyo.

Sasa tuziangalie rangi. Alitumia tatu tu. Buluu ilikuwa ya vifo vya maradhi yaliyoweza kuzuiwa. Nyekundu ilikuwa ya vifo vya majeraha. Nyeusi ilikuwa ya vifo vya sababu nyingine zote. Mambo mawili yatazameni kwa makini. Kwanza, rangi moja ilibaki na maana moja mchoro mzima. Buluu ya Januari ni buluu ya Juni. Pili, hakuongeza rangi ya nne au ya tano kwa ajili ya urembo. Kila rangi ilikuwa na kazi, na isiyo na kazi haikuajiriwa. Watu waliodhani kwamba vita huua kwa damu walitazama wakitafuta wekundu, wakakuta karatasi imetawaliwa na ubuluu. Mimi naona hapo ndipo palipo na nguvu ya mchoro ule.

Mistari nayo ilipangwa kwa kusudi. Mikate ile miwili iliungwa kwa mstari wa nukta nukta, ili jicho lijue njia ya kutoka Machi 1855 kwenda Aprili 1855. Mstari wa nukta ulisema: huku ni kuunganisha tu, si kipimo. Mistari iliyokoza ilikuwa mipaka ya vipande. Katika kipande cha Novemba 1854, ambako nyekundu ingaliifunika nyeusi, aliweka mstari mweusi kuonyesha mwisho wa sababu nyingine.

Na herufi? Jina la mchoro liliandikwa juu kwa herufi kubwa, na maneno ya kutaja sababu za vifo yalikuwa makubwa kuliko maneno mengine ya kichwa hicho. Majina ya miezi yaliandikwa kuzunguka ukingo, kila jina kwenye kipande chake. Maelezo ya rangi yaliwekwa pembeni chini, kwa mwandiko mdogo wa mlazo usioshindana na picha. Hivyo jicho lilisoma kwa mpango: kwanza jina, kisha picha, kisha miezi, na mwisho maelezo.

Kama jambo hili ni geni kwenu, tazameni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo huonyesha mpaka, mji ni uwanja wa katikati, na jina huandikwa mahali ambapo kila mtu atalisoma, kwa herufi zilizo wazi na rangi isiyomezwa na rangi ya nyuma yake. Kanga ambayo jina lake halisomeki huchekwa dukani. Tofauti ni moja: rangi ya kanga ni ya kupendeza, nayo rangi ya mchoro wa takwimu yapaswa kusema kitu.

Urefu na eneo

Lakini kuna mtego. Katika mchoro wake mmoja wa awali Bibi Nightingale alipima urefu tu kutoka katikati: vifo vikizidi mara mbili, urefu nao wazidi mara mbili. Je, kuna ubaya gani? Chukueni karatasi ya miraba. Choreni mraba wenye upande wa sentimita 1. Kisha choreni mwingine wenye upande wa sentimita 2. Upande umezidi mara mbili, lakini hesabuni miraba midogo iliyomo: ni 4. Jicho la mtazamaji halipimi upande, hupima eneo lote lililopakwa rangi. Kwa hiyo mchoro wa namna ile hutia chumvi. Vifo mara mbili huonekana kama vifo mara nne.

Katika mchoro wake mashuhuri alirekebisha jambo hilo. Vipande vilipimwa kwa eneo. Vifo vikizidi mara nne, urefu wa kipande uliongezwa mara mbili tu. Picha ikawa ndogo kuliko ambavyo ingalikuwa, na ya haki. Kumbukeni kwamba alikuwa na watu wenye vyeo waliongoja kosa lake moja ili waitupilie mbali kazi yake yote. Mchoro wenye chumvi ungaliwapa silaha hiyo.

Mchoro wake mwingine haukuwa na duara. Ulikuwa wa mistari minene iliyolazwa jozi jozi, mweusi na mwekundu. Mweusi ulikuwa wa raia wanaume wa Uingereza, na mwekundu ulikuwa wa askari waliokaa kambini nchini mwao wenyewe, wakati wa amani. Katika kila raia 1,000 wa umri wa miaka 20 hadi 25, karibu 8 walikufa kwa mwaka. Katika kila askari 1,000 wa umri huohuo walikufa 17. Vijana hao walikuwa wamechaguliwa kwa afya zao nzuri, na hawakuwa vitani. Walikuwa wamelala kitandani, katika mabweni yaliyosongamana. Kila jozi ya mistari ilisema hivyohivyo: mwekundu mrefu, mweusi mfupi. Mtu hahitaji kufundishwa kusoma mchoro huo.

Serikali ilisitasita, lakini haikuweza kuficha tena. Kambi zilijengwa upya au kurekebishwa, zikapewa madirisha, maji na mifereji, na vifo vya askari vikapungua. Mwaka 1858 Chama cha Takwimu cha London kilimpokea Bibi Nightingale, naye akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama wake.

Mwanafunzi wa sayansi atauliza: je, alijua vijidudu vya maradhi? Hakujua. Wakati ule wengi, naye akiwamo, waliamini kwamba hewa chafu ndiyo iletayo maradhi. Mjerumani Robert Koch aliitambua bakteria ya kipindupindu miaka ya 1883 na 1884. Kwa hiyo Bibi Nightingale alikosea kuhusu kilichoua ndani ya uchafu, lakini hesabu zake hazikukosea kwamba uchafu unaua. Takwimu nzuri huweza kutuonyesha mahali pa kuchimba kabla hatujajua kilichofukiwa.

Unguja nayo

Yapo mambo ya Crimea yaliyofika hadi kwetu. Katika vita hivyo Waingereza walijenga hospitali nyingine ya mbao mahali paitwapo Renkioi, kando ya mlango wa bahari wa Dardanelles, safari hii kwa vyumba vyenye hewa na mifereji mizuri. Waliokufa huko walikuwa wachache sana. Mmoja wa madaktari vijana wa hospitali hiyo alikuwa John Kirk, ambaye mwaka 1866 alifika Unguja kuwa daktari wa ubalozi mdogo wa Uingereza. Baadaye alikuwa balozi mdogo mwenyewe, na nyumba yake ilikuwa Mbweni.

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Wakati ule watu wa mjini walikunywa maji ya visima vilivyochimbwa karibu na vyoo na makaburi. Maelfu walikufa, mjini na mashamba. Daktari mwingine Mskoti aliyekuwa akitibu watu mjini, James Christie, aliamua kutafuta maradhi yametoka wapi. Hakukuwa na afisi ya kuandikisha vifo, wala daftari za jeshi kama zile za Bibi Nightingale. Basi aliwauliza manahodha, mahujaji na watu wa misafara ya bara: maradhi yalifika kwenu lini, na yalitokea upande gani? Alipozipanga tarehe hizo juu ya njia za biashara, akaona kwamba maradhi yalitokea upande wa Bahari ya Shamu, yakapita nchi ya Wamasai, yakateremka Pangani, kisha yakavuka kwa majahazi hadi Unguja. Kitabu chake, chenye ramani, kilitoka London mwaka 1876. Ramani pia ni mchoro wa hesabu: mstari ni njia, na tarehe iliyo kando yake ni ushahidi.

Katika miaka ya 1880 Sultani Barghash bin Said aliuletea mji maji ya chemchemi kutoka nje ya mji kwa mfereji na mabomba. Wazee wa Mji Mkongwe hawakusahau jambo hilo, wala hatuna budi kushangaa: ndoo ya maji safi ni dawa.

Uzee wake

Baada ya mwaka 1857 Bibi Nightingale aliugua mara kwa mara, na kwa miaka mingi alifanya kazi akiwa kitandani. Mwaka 1859 alitoa kitabu kuhusu uuguzi wa nyumbani. Mwaka 1860 alianzisha skuli ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas, London. Alikusanya pia hesabu za afya kutoka Bara Hindi, nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga, akazitumia kudai mifereji na maji safi kwa wakazi wake. Macho yaliyoziona rangi zile tatu yalififia hadi akawa kipofu. Mwaka 1907 mfalme wa Uingereza alimpa nishani ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake. Alifariki dunia tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa kijijini karibu na nyumba ya utoto wake.

Michoro ya siku hizi

Leo wataalamu wa takwimu huchora kwa kompyuta. Ziko programu ambamo mchoraji haburuti kalamu, bali huandika maagizo. Mojawapo yaitwa R, nayo ilianzishwa New Zealand katika miaka ya 1990. Hesabu za vifo vya Crimea zimetiwa katika mkusanyo mmoja wa mazoezi yake, hivyo wanafunzi wa vyuo vikuu huchora upya mchoro wa Bibi Nightingale.

Kompyuta ni mtumishi mtiifu lakini haina akili ya kuchagua. Usipoiagiza rangi, itatia yake. Usipoiagiza unene wa mstari, itachora mstari wa kawaida, na mambo mawili yaliyo tofauti yatafanana kama mapacha. Usipoiagiza ukubwa wa herufi, huenda ikaandika majina ya miezi kwa herufi ndogo kama chawa. Mchoraji ndiye aamuaye. Aulize: nani atasoma, na atasomea wapi? Mchoro wa kubandikwa ukutani hospitalini hutaka herufi kubwa na maneno machache. Mchoro wa kitabuni waweza kuwa na maelezo zaidi.

Tena wako watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Pengine yuko mmoja darasani mwenu. Kwake mistari miwili ya rangi hizo ni kitu kimoja. Na karatasi ikitolewa nakala kwa mashine ya wino mweusi, rangi zote hugeuka kijivu. Ndiyo maana mchoraji mwangalifu hategemei rangi pekee: mstari mmoja huufanya mzima, wa pili wa vipande vipande, wa tatu wa nukta, na kila mstari huandikiwa jina lake kando yake.

Zoezi

Hizi ni hesabu za askari waliokufa katika miezi sita. Tarakimu ya kwanza ni ya maradhi, ya pili ni ya majeraha, ya tatu ni ya sababu nyingine.

Novemba 1854: 844, 287, 106
Desemba 1854: 1,725, 114, 131
Januari 1855: 2,761, 83, 324
Februari 1855: 2,120, 42, 361
Machi 1855: 1,205, 32, 172
Aprili 1855: 477, 48, 57

1. Chora mistari minene iliyosimama, mitatu kwa kila mwezi. Sentimita 1 iwe watu 200. Chagua rangi tatu, na uandike pembeni maana ya kila rangi.

2. Chora tena hesabu hizohizo bila rangi, kwa penseli tu. Utafanya nini ili mistari mitatu isichanganyike?

3. Mpe mchoro wako mtu wa nyumbani ambaye hakusoma somo hili. Usimweleze lolote. Mwulize ameona nini, kisha uandike majibu yake.

4. Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi skulini. Pima kila asubuhi kina cha maji ya mvua kwa milimita, uandike, kisha ulimwage. Baada ya mwezi mmoja chora hesabu zako. Linganisha na darasa jingine lililopima katika msimu mwingine, na mwamue pamoja rangi ipi iwe ya Masika na ipi iwe ya Vuli.

5. Mwanafunzi mmoja amechora ndoo mbili kuonyesha maji yanayotumika katika nyumba mbili. Nyumba ya pili hutumia maji mara mbili ya nyumba ya kwanza, naye ameifanya ndoo ya pili kuwa ndefu mara mbili na pana mara mbili. Mweleze kosa lake.